Nyumba ya Ndosho, mshahara wa Montréal

GOMA – Katika duka dogo la vitenge huko Birere kuna daftari la shule ambalo mauzo hayaandikwi humo. Mwenye duka, mama wa watoto wanne, anaandika kitu kimoja tu: malipo ya nyumba. Mstari wa kwanza ni wa Julai 2022. Mstari wa 31 ni wa Januari 2025. Halafu kuna mistari mitatu mitupu, Februari, Machi na Aprili, iliyopigwa kwa rula na kuachwa hivyo.

Nyumba yenyewe si yake. Ni ya mdogo wake, ambaye anaishi Montréal, Kanada, na anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwalea. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani usiku. Aliondoka Goma kwa masomo, akabaki huko kwa kazi. Kama vijana wengi wa mji huu walio ng'ambo, ndoto yake haikuwa kubwa sana: kiwanja kimoja, nyumba ya mawe ya volkano yenye vyumba vitatu na sebule, siku ya kurudi asiombe pa kulala.

Kiwanja alikinunua mwaka 2019 katika kata ya Ndosho, dola 14,000, fedha alizozikusanya kwa miaka. Hapo dada yake alifanya jambo ambalo wengi huliruka. Hakuridhika na fishi ya shefu wa kata. Alihangaika kwenye kadastre mpaka akapata hati ya uandikishaji, ile ambayo hapa watu huiita sertifika. Kazi hiyo ilimchukua karibu mwaka mzima na viatu jozi mbili, ndivyo anavyosema mwenyewe. Majirani walimcheka kwamba anatupa feza kwa karatasi wakati angeweza kununua mabati.

Karatasi hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa benki. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya serikali. Raia hapewi udongo wenyewe, anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika. Ikishapita miaka miwili tangu kutolewa, sertifika haivunjwi kwa urahisi, hata mtu akitokea na hadithi ya babu yake. Benki inajua hesabu hiyo. Fishi ya kata inaonyesha kwamba unajulikana mtaani, lakini huwezi kuandikisha rehani juu yake. Rehani, au ipoteke kama benki na wanotari wanavyosema, inaandikwa na mhifadhi wa hati za ardhi juu ya sertifika yenyewe, ili yeyote atakayetaka kuuza au kununua aione.

Mwaka 2022 kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta na mfuko ulikuwa umekauka. Ndipo kijana akauliza kama benki ya Goma inaweza kumkopesha. Mshahara wake ulikuwa mara nyingi zaidi ya mshahara wa mwalimu wa hapa. Aliamini jambo litakuwa jepesi.

Jibu la benki lilimshangaza. Mshahara wenyewe haukuwa tatizo, tatizo lilikuwa mahali unapoingia. Benki ya hapa hupenda mshahara upite mezani kwake kila mwisho wa mwezi, ikate haki yake kwanza, mwenye mshahara achukue kilichobaki. Mshahara unaolipwa Montréal, kwa feza ya Kanada, katika benki ya Kanada, hauwezi kuukata ukiwa Goma. Siku kijana akinyamaza simu, benki itamtafuta wapi? Barua ya mwajiri ilitafsiriwa, ikapigwa mihuri, ikasomwa, ikawekwa kando.

Aliuliza pia huko anakoishi. Benki za Montréal zinakopesha nyumba kila siku, lakini nyumba za Kanada. Kiwanja cha Ndosho, chini ya Nyiragongo, hakimo katika vitabu vyao. Rafiki yake Mkongomani anayeishi Nairobi alimwambia kwamba Kenya benki zina mikopo ya nyumba kwa ajili ya watu wao walio ng'ambo. Ni kweli, zipo. Lakini hata Kenya, yenye benki nyingi na kubwa, mikopo yote ya nyumba nchini ilikuwa kama 30,000 tu mwishoni mwa 2023. Wengine wote wanajenga kama tunavyojenga Goma: mfuko wa simenti leo, mabati mwakani.

Njia iliyopatikana ilikuwa ya kifamilia. Mkopaji akawa dada, kwa sababu yeye ndiye mwenye duka na akaunti ambayo benki iliona feza ikiingia na kutoka kwa miaka sita. Rehani ikawa kiwanja cha mdogo wake. Kijana akatengeneza prokirasio, karatasi ya kumruhusu dada atie saini kwa jina lake, ikathibitishwa kwenye ubalozi wa Kongo mjini Ottawa, ikatumwa na msafiri aliyepitia Kigali. Mtaalamu wa benki alikuja Ndosho, akapima, akakadiria kiwanja na kuta kuwa dola 52,000. Benki ikatoa 30,000 kwa miezi 60, riba asilimia 14 kwa mwaka.

Malipo yakawa dola 698 kila mwezi. Ukizidisha kwa 60 unapata 41,880. Dada alifanya zidisho hilo mbele ya karani, akalirudia, kisha akatia saini. Alimpigia mdogo wake jioni ile.

“Mdogo wangu, tumenunua nyumba na robo tatu ya nyumba ingine ya banki.”

“Yaya, si robo tatu. Ni kama theluthi.”

“Basi nihesabie theluthi ni vyumba ngapi.”

Walicheka. Wakati ule kicheko kilikuwa na nafasi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyewaeleza, na pengine hakuna aliyeliona. Goma tumezoea kusema dola, basi. Kiwanja kwa dola, garanti ya nyumba kwa dola, ada ya shule kwa dola, franka kwa ajili ya sombe na mkaa. Kwetu dola ndiyo kitu kisichotikisika, na franka ndiyo inayoyumba. Lakini kwa mtu anayelipwa Kanada, dola zina majina mawili. Anayoipata ni ya Kanada, anayodaiwa ni ya Marekani. Juni 2022 dola moja ya Marekani ilikuwa karibu 1.28 za Kanada, kwa hiyo 698 zilimtoka mfukoni kama 893. Januari 2025 dola ile ile ilikuwa inakaribia 1.44, na 698 zile zile zilikuwa 1,005. Deni halikuongezwa hata senti, ila yeye alitakiwa ageuze wazee zaidi usiku.

Ugonjwa huo unajulikana duniani. Huko Polandi familia nyingi sana zilikopa nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo, huku mishahara yao ikiwa ya zloti. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliachia faranga, ikapanda kwa siku moja, na watu wakaamka na deni lililonenepa usingizini. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshatunga agizo mwaka 2014 linalodai mkopaji wa nyumba kwa feza ya kigeni apewe kinga fulani, kwa mfano haki ya kugeuza deni liwe kwa feza anayolipwa. Mkopaji wa Ndosho hana kinga hiyo. Lililo karibu nalo ni kukopa kidogo kuliko benki inavyokubali kutoa, na kuweka pembeni malipo ya miezi michache kabla ya kuanza. Wao hawakuweka hata ya mwezi mmoja. Feza yote ilikwenda kwenye mabati na milango.

Nyumba iliisha 2023, isipokuwa chumba cha nyuma ambacho kilibaki msingi. Alipatikana mpangaji, mfanyakazi wa shirika la kimataifa, dola 400 kwa mwezi, asiyechelewa. Kijana akawa anajaza 298 tu. Kwa miezi mingi mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba daftari la Birere lilikuwa linaandikwa kwa kalamu ya rangi.

Kisha ikaja wiki ya mwisho ya Januari 2025. Wasikilizaji wa Goma hawahitaji kusimuliwa wiki hiyo: mabomu, umeme na maji kukatika, maghala kuporwa, maiti barabarani. Mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilikuwa zimefunga milango na hazikufungua. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mpangaji aliondoka na wenzake wa shirika kupitia mpakani, akiacha funguo kwa mlinzi na ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Duka la Birere halikuporwa, lakini kwa wiki nyingi ni nani angenunua kitenge?

Mji uliokuwa unaishi kwa dola ukakosa noti. Waliokuwa na feza kwenye simu walitafuta ajenti wa kuwatolea, na kamisheni zikapanda. Wengine walivuka Petite Barrière kwenda Gisenyi kutafuta benki iliyo wazi. Franka zilizochakaa zilianza kukataliwa sokoni, na dola yenye tundu dogo kama la sindano, ambayo hata zamani ilikuwa haipendwi, sasa ilirudishwa kama noti bandia. CADECO ilifunguliwa tena Aprili chini ya utawala mpya wa mji, lakini deni la Ndosho halikuwa la CADECO.

Dada alikwenda kwenye mlango wa benki yake mara tatu. Mara ya tatu alimkuta mlinzi peke yake, ameketi juu ya kiti cha plastiki.

“Mama, banki imefunga.”

“Naona imefunga. Na deni je?”

Mlinzi alicheka kwa huruma. Si kazi yake kujibu, lakini jibu lake lilikuwa sahihi kuliko barua nyingi: “Deni haiko ndani humu, mama. Iko Kinshasa.”

Ndivyo ilivyokuwa. Hesabu za benki zinakaa kwenye kompyuta za makao makuu, na huko kalenda haikusimama. Ujumbe ulifika kwenye simu: awamu ya Februari haijapokelewa. Kisha wa Machi, pamoja na riba ya kuchelewa. Kijana alijaribu kutuma moja kwa moja kutoka Montréal kwenda kwenye akaunti ya dada. Feza ilikaa njiani wiki tatu, ikaulizwa maswali kwa sababu akaunti ni ya tawi la Goma, ikarudi ikiwa imekatwa gharama.

Aprili alipiga hesabu ambayo hakuwahi kuipiga. Walikuwa wamelipa zaidi ya dola 21,600. Deni lililobaki lilikuwa kama 17,000. Kwa hiyo katika yote waliyolipa, karibu 12,900 tu ndizo zilizopunguza mkopo wenyewe, nyingine zilikuwa riba. Mikopo ya namna hii inaanza kwa kula riba, na anayesimama katikati anajikuta bado yuko karibu na mlango wa kuingilia kuliko wa kutokea. Ingefaa kila karani aoneshe jedwali hilo kabla ya saini, mstari kwa mstari. Dada alipewa, limechapwa kwa herufi ndogo na kwa Kifaransa cha ofisini, naye akaliweka kwenye bahasha bila kulisoma.

Wazo la kwanza la kijana lilikuwa kuuza. Lakini kiwanja chenye ipoteke hakiuzwi bila benki kukubali, na benki ilikuwa imefunga. Wazo la pili lilikuwa kuchukua mkopo binafsi Montréal, kulipa zote 17,000 kwa mkupuo, kumaliza. Mwanasheria mmoja aliwauliza swali lililowanyamazisha. Mkimaliza deni, ipoteke lazima ifutwe kwenye kitabu cha hati za ardhi cha Goma, kwa saini na mhuri wa mhifadhi. Kwa sasa ni mhuri gani wa Goma ambao Kinshasa na Goma wote wawili wataukubali? Bila kufutwa, mtakuwa mmelipa nyumba ambayo karatasi yake bado inasema ni rehani. Aliwashauri walipe taratibu, wakusanye risiti, wasikimbilie mhuri wowote.

Jambo la tatu lilikuwa la uraia, na hili linawahusu wengi walio ng'ambo. Kijana ana ukaazi wa kudumu wa Kanada na alikuwa ametayarisha fomu za kuomba uraia. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine wowote. Na haki ya kudumu juu ya kiwanja ni ya Mkongomani. Mgeni anapewa haki ya muda, ya miaka 25 inayoweza kurudishwa upya. Wapo wengi wenye pasipoti mbili mfukoni ambao hawajawahi kuulizwa lolote. Ila hakuna kati yao mwenye rehani inayosubiri saini katika mji wenye tawala mbili zinazoshindania mhuri, au kama yupo, ananyamaza. Fomu za kijana ziko kwenye droo. Anasema zitakaa humo mpaka sertifika iwe safi.

Suluhisho, kama linastahili jina hilo, lilitoka kwa binamu yao anayefanya kazi Kinshasa. Tangu Mei kijana anamtumia feza, binamu anaenda kaunta ya benki ile ile, anaweka dola 698 kwa namba ya mkopo, anapiga picha ya risiti na kuituma. Kabla ya hapo waliandika barua kwa makao makuu, dada akaitia saini Goma na binamu akaipeleka kwa mkono. Benki ilikubali awamu tatu zilizokosekana zihamishiwe mwisho wa mkataba. Riba yake haikusamehewa. Hata hivyo barua hiyo ilizuia faili lisipelekwe kwa wanasheria wa benki, na kwa familia nzima hilo lilikuwa kubwa. Wako wakopaji wa Goma ambao waliona mlango umefungwa wakadhani na mkataba umelala. Ukiwa na deni katika benki yenye matawi Kinshasa, Lubumbashi au hata Beni, mkataba wako uko macho.

Kwa kijana hesabu imegeuka kabisa. Mwaka 2024 alikuwa anatoa kama dola 405 za Kanada kwa mwezi, kodi ya mpangaji ikijaza. Baada ya Januari ilimbidi abebe 698 zote, na gharama za kutuma juu yake. Amechukua zamu za usiku za Jumamosi na Jumapili. Dada anamsikia kwenye simu anavyosinzia katikati ya sentensi.

Nyumba haiko tupu. Februari 2025, kambi za Bulengo, Lushagala na nyingine pembeni ya Goma zilipobomolewa na wakimbizi kuambiwa warudi makwao, mama mdogo wao alifika Ndosho na wajukuu watano. Alikuwa amekimbia Kitshanga mapema 2023, akakaa miaka miwili chini ya shitingi. Alikwenda kuangalia kwake, akarudi. Hakueleza sana alichokiona.

Mama mdogo huyo ana shamba Masisi kubwa mara nyingi kuliko kiwanja cha Ndosho. Mume wake alilirithi, alilipa haki ya kimila kwa mwami, mipaka inajulikana na mti na kijito. Lilikuwa linatoa maharage na viazi vya kulisha nyumba nzima na kuuza. Hakuna benki ambayo ingemkopesha hata dola mia juu yake, kwa sababu hana sertifika, na karatasi moja aliyokuwa nayo, ya ushuhuda wa kijiji, iliungua au iliibwa, hajui. Alipoelezwa jinsi mpwa wake anavyohangaika na nyumba yenye hati, mihuri na prokirasio ya Ottawa, alisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe mwenye karatasi naye anakimbia,” akasema.

Dada amepeleka sertifika, mkataba na barua ya benki kwa mtoto wa jirani mwenye simu nzuri, akavipiga picha kila ukurasa, picha zikaenda Montréal na Kinshasa. Za asili ziko ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya gunia la unga, mahali ambapo hapatajwi hapa. Amemsukuma mama mdogo aandike pia, kwenye karatasi ya kawaida, majina ya majirani wa shamba la Masisi upande hadi upande na majina ya wazee waliokuwepo mipaka ilipowekwa, wakati bado anawakumbuka na baadhi yao wako hai hapa Goma. Wawili wamepatikana Mugunga, wakatia saini. Mmoja alitia dole gumba.

Risiti ya Septemba ilifika Jumanne, picha yenye kivuli cha kidole cha binamu. Dada aliichapisha kwenye duka la fotokopi, akaibandika kwenye daftari, akaandika pembeni: zimebaki 24. Kalamu ya rangi ilikwisha zamani, sasa anatumia ya bluu. Jioni alipita Ndosho. Mama mdogo alikuwa amejaza udongo kwenye msingi wa kile chumba cha nyuma ambacho hakikujengwa, kati ya mawe, na amepanda matembele. Alimuuliza kama mwenye nyumba atakasirika.

“Nitamuuliza,” dada akasema. “Lakini asubuhi. Saa hii yuko kazini.”